Shangazi, mbwa wetu ameitwa uwanjani na bado ni mtoto

Shikamoo Shangazi,

Nina mbwa dume wa miezi saba, jina lake Duma. Hana ukoo wa kutambia: mama yake ni mbwa wa kawaida tu, baba hatumjui. Ila kichwa anacho. Nimemfundisha mwenyewe kukaa, kulala chini, kuzunguka, kupita katikati ya miguu yangu ninapotembea, na ule mchezo wa kumnyooshea kidole nikisema "pa!" naye akajiangusha ubavu, ulimi nje, kama kapigwa risasi. Hivi karibuni ameanza kuruka ndani ya pete ya plastiki ambayo mwanangu huishika usawa wa kiuno. Nyumbani hakosei.

Jirani yetu yumo kwenye kamati ya maonyesho ya wazi yatakayofanyika wiki nne zijazo. Alimwona Duma akicheza uani, akaniomba nimlete uwanjani tupewe dakika kumi saa sita mchana, watu wanapokuwa wamejaa. Nikakubali. Watoto wangu wameshatangaza shule nzima.

Kinachoninyima raha ni kilichotokea Jumapili iliyopita. Tulikuwa na wageni wengi, nikasema ngoja tumpime. Watu wakasimama duara, wakaanza kupiga makofi hata kabla sijamwita. Duma alikuja, akakaa. Nilipomwambia azunguke, akalamba midomo. Nikarudia, akapiga mwayo mrefu hadi ncha ya ulimi ikajikunja. Nikapaza sauti, akaanza kujikuna shingo kwa mguu wa nyuma kana kwamba ana viroboto, na viroboto hana. Wageni wakacheka, wakasema mbwa huyu msanii. Kisha akaingia chini ya kiti, akageuzia uso ukutani, na hata kipande cha nyama nilichompa hakukigusa.

Mjomba wangu, ambaye amefuga mbwa tangu ujana wake, anasema hicho ni kiburi. Nimvute kwa kamba, nimsimamishe mbele za watu hivyo hivyo, atazoea. Mume wangu anasema nifute kabisa kabla hatujaaibika. Mimi nimebaki katikati.

Je, Duma ameshafikia umri wa mambo haya? Kama ndiyo, nimwandaeje? Na akigoma mbele ya umati nifanye nini?

Mama wa Duma

*

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma ile Jumapili yako mara kadhaa, maana ndiyo barua yenyewe. Hayo mengine ni nyongeza.

Mbwa anayelamba midomo wakati hakuna chakula, anayepiga miayo na hana usingizi, anayejikuna na hawashwi, ni mbwa aliyebanwa. Anataka kukutii na papo hapo anataka kuondoka. Kwa kuwa hawezi kufanya yote mawili, mwili unatoa kitendo cha tatu kisichohusiana na lolote. Waliozoea kazi ya mbwa hutazama dalili hizo kabla ya nyingine zote kwa sababu huja mapema, wakati bado kuna nafasi ya kusaidia. Zisipoonwa, zinafuata nzito zaidi: anageuza kichwa pembeni, weupe wa jicho unachungulia, masikio yanalala nyuma, mkia unafyatwa, kisha anatafuta pa kujificha. Akikosa pa kujificha, atanguruma. Akipuuzwa akinguruma, atauma. (Na usidanganywe na mkia unaotikisika. Mbwa mwenye wasiwasi naye hutikisa mkia.)

Duma alizipitia dalili hizo moja baada ya nyingine mbele ya macho yenu hadi akafika kwenye kujificha, na bahati nzuri kiti kilikuwepo. Alichagua vizuri kuliko watu wazima waliomzunguka. Sasa mfikirie mtu anamvuta kwa kamba kutoka chini ya kile kiti, duara la watu bado limesimama. Njia yake ya kuondoka bila ugomvi imezibwa, imebaki meno. Na mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma haachi kuogopa, anaacha kunguruma tu. Ndiye yule ambaye watu huja kusema ameuma bila onyo.

Ile nyama aliyoikataa iweke akilini. Nitairudia, kwa sababu huna kipimo bora kuliko hicho.

Unasema nyumbani hakosei, nami nakuamini. Lakini jaribu jambo hili leo jioni: mpe mgongo, kisha mwambie akae. Au lala chali sakafuni utoe amri ile ile. Mbwa wengi wa umri wake watabaki wanakutazama, wengine watakuja kukulamba uso. Huo si ukaidi. Alichojifunza si neno "kaa" peke yake. Alijifunza neno hilo likiwa na wewe umesimama mbele yake, mkono wako karibu na mfuko wenye nyama, sakafu ile, kimya kile. Ukibadilisha viwili vitatu, kwake somo ni jipya. Uwanja wa maonyesho unabadilisha vyote kwa mpigo: chini kuna majani, kuna harufu ya viatu vya watu wasiohesabika na ya mbwa wengine, watoto wanakimbia huku na huko, spika zinanguruma. Masikio ya mbwa hunasa sauti za hadi karibu hezi (mitetemo kwa sekunde) 45,000, wakati yetu huishia kwenye 20,000 au chini ya hapo. Kipaza sauti kikipiga ule mlio mkali wa kukera, wewe unakunja uso tu. Yeye anapata zaidi ya unachokisikia.

Hata mabingwa mambo haya yamewakuta. Keller na Marian Breland, waliopata kuwa wanafunzi wa mwanasaikolojia B. F. Skinner, walifunza wanyama kwa ajili ya maonyesho na matangazo ya biashara huko Marekani. Mwaka 1961 walieleza habari za nguruwe waliofunzwa kubeba sarafu kubwa za mbao na kwenda kuzitia kwenye kibubu ili wapewe chakula. Walianza vizuri. Baada ya muda nguruwe wakawa wanaidondosha sarafu njiani, wanaisukuma kwa pua kama wanaofukua ardhi, wanairusha juu, wanaidondosha tena, na njaa wanayo, na chakula kinawasubiri mwisho wa njia. Silika ilikuwa imeyashinda mafunzo. Msimulie mjomba kisa hicho, kisha muulize kwa adabu kama nguruwe wale nao walikuwa na kiburi.

Umri sasa. Kipindi ambacho kitoto cha mbwa hupokea mambo mageni kwa wepesi zaidi huanza kwenye wiki ya 3 na kufifia kati ya wiki ya 12 na ya 14. Duma ameshakipita. Miezi saba ni ubarobaro: homoni zinapanda, na kitu alichokuwa akikipita bila kukitazama kinaweza kumshtua ghafla. Hiyo si sababu ya kumfungia ndani. Ni sababu ya kuwa mwangalifu na tukio moja baya, maana hofu ya mara moja mbele ya umati yaweza kumganda kuliko mazoezi yote mazuri ya uani. Kwa hiyo sijali sana kama ataonyesha anachokijua. Najali ataondoka uwanjani akiamini nini kuhusu watu wengi.

Pete naikataa hapa hapa. Kwenye ncha za mifupa ya mbwa anayekua kuna tabaka laini la gegedu, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Kwa mbwa wengi tabaka hilo hukomaa na kuwa mfupa kamili karibu na mwaka mmoja. Kwa wenye miili mikubwa huchelewa hata kufikia mwaka na nusu. Kuruka juu na kutua kwenye ardhi ngumu, tena na tena, kunaweza kuliumiza, na mguu ukakua umepinda. Ule mchezo wa mbwa kukimbia na kuruka vizuizi, ajiliti, ulionyeshwa mwaka 1978 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts jijini London kama kiburudisho cha kujaza muda tu. Leo ni mashindano makubwa, na shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, halipokei mshindani aliye chini ya miezi 18. Kama watu wanaoishi kwa mchezo huo wanasubiri, wewe una haraka gani? Pete iguse chini, Duma apite akitembea. Watoto watashangilia vile vile.

Basi jibu langu ni hili: mpeleke, ila si kwa masharti uliyopewa.

Dakika kumi ni nyingi mno, omba tatu. Saa sita mchana pia hapana. Omba asubuhi, kabla watu hawajajaa na jua halijakaza. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, hujipoza zaidi kwa kutweta. Joto la mwili wake kwa kawaida ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, likipita 41 maisha yake yako hatarini, na mbwa mwenye msisimko hufika huko upesi. Kabla ya kuingia, weka mgongo wa mkono wako kwenye ardhi atakayochezea. Ukishindwa kuuacha hapo kwa sekunde saba, usimkanyagishe. Mshereheshaji aambiwe mapema asisimame na kipaza sauti karibu yenu, na spika isielekezwe kwenu.

Michezo mitatu inatosha. Chagua ile anayoifanya huku akichangamka, si ile inayokupendeza wewe. Kupita katikati ya miguu ni mzuri kwa sababu unamweka karibu na mwili wako. Kujifanya amekufa uweke mwisho kama atauweza, lakini nakuonya: kulala ubavu katikati ya watu wageni ni jambo zito kwa mbwa asiyetulia, na usishangae ukiwa wa kwanza kumponyoka.

Maandalizi yaanze na kijimkeka. Kipande chochote cha zulia unachoweza kukunja na kukibeba kwapani. Kila anapokanyaga hapo anapata chakula. Akilala hapo anapata zaidi. Hakuna anayeruhusiwa kumgusa akiwa hapo, hata watoto wako. Baada ya siku kadhaa ukikitandika tu utamwona anakwenda mwenyewe na kushusha pumzi. Hapo una kipande cha nyumbani unachoweza kukitandika popote, na ndicho utakachokitandika uwanjani.

Kisha mpeleke uwanjani kukiwa hakuna watu. Msicheze, anuse tu. Siku nyingine mkae mbali na mahali penye watu, pembeni kabisa, mtazame. Hapa ndipo nyama inapofanya kazi yake. Mpe vipande vidogo, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Akila kwa utulivu, umbali huo anaumudu. Akivinyakua kwa pupa hadi anakubana vidole kwa meno, ameanza kubanwa. Akivikataa, mmekaribia mno. Rudini nyuma, wala usimbembeleze ale. Sogea karibu kidogo kidogo, na ondokeni wakati bado anataka kubaki. Kosa la wengi ni kusubiri mbwa achoke ndipo waondoke, kumbe kinachomkaa kichwani ni ule mwisho.

Makofi nayo yana mazoezi yake. Anza na mtu mmoja, kofi moja laini, nyama. Halafu wawili. Watoto wako watapenda kazi hii kuliko kuzunguka shuleni wakitangaza. Mpangilio ni makofi kwanza, chakula baadaye, ili makofi yawe ndiyo habari njema. Ukigeuza, utamfundisha kwamba chakula ni dalili ya kelele.

Wiki ya mwisho rudia ile Jumapili kwa kipimo kidogo. Watu watano sita anaowafahamu kiasi, si duara bali mstari mmoja upande mmoja, njia ya kuondoka iko wazi nyuma yake. Umwite mara moja tu kwa kila mchezo. Akifanya mitatu na kula nyama yake, nendeni. Akianza kulamba midomo na kupiga miayo, hatacheza mwaka huu, na watoto utawaambia hivyo. Wataelewa wakielezwa ukweli, hasa kwa kuwa waliiona Jumapili yenyewe.

Kwa mganga wa mifugo pitia mapema. Hakikisha mfululizo wa chanjo za utotoni ulikamilika, pamoja na ya kichaa cha mbwa, na cheti uwe nacho siku hiyo. Virusi vya parvo, vinavyowaharisha mbwa hadi kuwaua, hukaa ardhini miezi na miezi vikingoja mbwa asiyechanjwa, na uwanja wa maonyesho hukanyagwa na mbwa usiowajua. Mratibu muulize pia, kwa maandishi, kama wanyama wanaruhusiwa na nani atabeba dhamana mtu akiumia.

Siku yenyewe, hatari kubwa haiko wakati wa mchezo. Iko dakika mbili baadaye. Mchezo umeisha, Duma ametumia akili yake yote, na sasa watoto wasio na idadi wanakimbilia kumkumbatia shingoni. Mbwa wengi walioharibikiwa kwenye maonyesho wameharibikiwa hapo, wenye nao wakiwa wanatabasamu na kupiga picha. Kwa hiyo akimaliza tu, haonani na mtu. Mnatoka kwa upande ulioandaliwa hadi kivulini, penye maji na mkeka wake, kisha nyumbani. Hakuna kuzunguka mabanda. Mtoto anayetaka sana kumwona asimame pembeni, aache mbwa aje mwenyewe, amkune kifuani, si kumpapasa utosini. Duma asipokuja, ndiyo amesema hataki.

Kazi ya kuzuia watoto mpe mjomba. Sauti anayo, uzoefu wa mbwa anao, na mtu wa kumbishia hayupo. Mwambie: "Mjomba, bila wewe siwezi kumwingiza." Utakuwa umemheshimu, na kamba itabaki mkononi mwako. Kamba yenyewe ishikwe na wewe, si mwanao, na ifungwe kwenye mkanda wa kifuani kuliko wa shingoni, ili akishtuka na kurudi nyuma asijinyonge wala asichomoke.

Akigoma? Ita mara moja. Asipofanya, ushushe mchezo uwe mwepesi: badala ya kuzunguka, mwombe akae. Akikaa, mpe nyama, mshangilie, inama mbele ya watazamaji mtoke. Asipokaa, dondosha nyama mkekani, mwachie anuse, sema kwa sauti ya uchangamfu, "Duma anasema leo ni siku yake ya kutazama watu, si ya kutazamwa," mkaondoke. Umati utacheka na kupiga makofi, nakuhakikishia. Watu hawakuja kumkagua mbwa, wamekuja kufurahi. Kinachowanyamazisha watazamaji ni kumwona mtu anamvuta mbwa anayetetemeka. Mumeo anaogopa aibu, nami namwelewa, lakini aibu ya uwanjani iko huko tu. Sema naye kabla, mkubaliane kwamba akikupa ishara ya mkono unatoka bila kubisha. Anayetazama kutoka nje huona mkia uliofyatwa mapema kuliko aliye katikati ya mchezo.

Ukirudi nyumbani mwache alale. Kesho yake asifunzwe chochote. Kama siku mbili tatu zinazofuata anakwepa mkeka, anashtukia wageni mlangoni, au unamwona anachechemea, usimlazimishe; rudi hatua za mwanzo, na kuchechemea mpelekee daktari.

Yule jirani wa kamati mpigie leo. Ukimweleza sasa kwamba ni dakika tatu, asubuhi, bila kuruka, na kwamba jina la Duma liandikwe "kama atakuwa tayari", ana muda wa kupanga. Akisema ni dakika kumi saa sita au basi, mwambie basi.